Jumba la Les Cèdres: uzuri wake, bei yake, na wamama wasiotajwa



Wahenga walisema macho hayana pazia. Tukipita mbele ya nyumba nzuri tunapunguza mwendo. Tunatazama geti, tunatazama paa, tunatazama maua yaliyopandwa kandokando ya ukuta, na kila mmoja wetu anajisemea moyoni: ingekuwa yangu, hapa ningeweka viti, pale ningeweka jiko. Hakuna ubaya katika kutazama. Mama anayependa nyumba nzuri ndiye anayefagia hata nyumba ya mbao mpaka ing'ae.

Kwa hiyo wiki hii tunawatembeza mbali, mpaka kusini mwa Ufaransa, kwenye nyumba iliyotangazwa kuuzwa mwaka 2017. Wakati ule magazeti mengi ya ulimwengu yaliiandika kuwa nyumba ya bei ya juu kuliko zote zilizokuwa sokoni. Jina lake ni Les Cèdres, maana yake Mierezi. Tumeichagua kwa sababu ni nzuri na si ya kawaida. Tumeichagua pia kwa sababu inatuhusu sisi Wakongomani kuliko watu wengi wanavyojua. Tutaizunguka kwanza kama wageni wenye adabu, kisha tutauliza swali ambalo mgeni mwenye adabu huliuliza mwishoni.

Nyumba juu ya rasi

Les Cèdres iko Saint-Jean-Cap-Ferrat, kati ya mji wa Nice na nchi ndogo ya Monaco. Cap Ferrat ni rasi, yaani ulimi wa nchi kavu unaoingia majini. Anayeijua Bukavu afikirie Muhumba inavyoingia ndani ya Ziwa Kivu: maji upande huu, maji upande ule, miti mingi, na upepo unaokuja asubuhi na jioni. Tofauti ni kwamba pale maji ni ya chumvi, ni bahari ya Mediterania. Baridi ya Ulaya haifiki kwa ukali wake wote, ndiyo sababu matajiri na wafalme walianza zamani kukimbilia huko miezi ya baridi.

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1830. Wakati huo haikuwa jumba la kifalme, ilikuwa nyumba ya shamba la mizeituni. Mwaka 1850 ilinunuliwa na mtu aliyekuwa meya wa Villefranche-sur-Mer, mji wa jirani. Mwaka 1904 ikanunuliwa na Léopold II, mfalme wa Ubelgiji. Ndiyo, yule yule. Tutarudi kwake.

Tuingie ndani

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tufungue basi.

Ndani kuna eneo la meta za mraba zipatazo 1,700. Kuna vyumba 14 vya kulala. Kuna saloni kadhaa, moja ikifuatana na nyingine, zenye dari za juu sana na taa kubwa za kioo zinazoning'inia katikati. Ilipotangazwa kuuzwa, kutani kulikuwa na picha za watu wa zamani zilizochorwa kwa rangi, katika fremu za dhahabu. Kuna ukumbi wa kucheza dansi. Kuna kanisa dogo la nyumbani. Kuna chumba cha kuvutia kinachoitwa bustani ya baridi: ni chumba chenye vioo vingi, mimea inakaa ndani na watu wanakaa katikati ya mimea, ili hata mwezi wa baridi mtu aone majani mabichi.

Jambo ambalo mafundi wetu wangelipenda ni milango. Haikukatwa midogo kama madirisha ya stoo. Ni mirefu, ya vioo, mabawa mawili, na inafunguka moja kwa moja kwenye baraza. Ukiifungua asubuhi, mwanga unaingia mpaka ukuta wa nyuma, na hewa inapita. Nyumba hii ilijengwa miaka mingi kabla ya umeme kufika majumbani. Waliijenga wakijua kwamba taa ya kwanza ya nyumba ni jua.

Ilipotangazwa kuuzwa, kulikuwa na maktaba yenye kuta za mbao na vitabu vipatavyo 3,000, vingi vikiwa ni vya mimea. Kimoja kilichapishwa mwaka 1640. Nje kuna zizi linaloweza kulaza farasi 30, na kuna bwawa la kuogelea lenye urefu wa meta 50 lililochimbwa ndani ya mwamba.

Bustani iliyo kubwa kuliko nyumba

Waliofika huko husema kwamba uzuri wa kwanza si nyumba, ni bustani. Kiwanja chote kina hekta 14 hivi. Mfikirie viwanja vya kucheza mpira, ishirini hivi, vimeunganishwa pamoja, vyote vikiwa miti na maua.

Mwaka 1924, miaka 15 baada ya kifo cha mfalme, Les Cèdres ilinunuliwa na Alexandre Marnier-Lapostolle, wa familia iliyokuwa ikitengeneza pombe ya machungwa iitwayo Grand Marnier. Mwanae Julien aliipenda mimea kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Aliikusanya kutoka kila bara. Bustani ikafikia aina zipatazo 15,000 za mimea, na nyumba za vioo karibu 20 za kuilinda ile isiyostahimili baridi. Kuna bwawa lenye mayungiyungi makubwa ya mto Amazone, ambayo jani moja linaweza kupita upana wa meta mbili. Wataalamu wa mimea wameihesabu kati ya bustani kubwa za mtu binafsi Ulaya nzima.

Hapa tumsifu anayestahili sifa. Miti haikui kwa amri ya pesa. Inataka mtu wa kuimwagilia, kuipogoa, kuiombea mvua, miaka na miaka. Bustani ile ni kazi ya mikono ya watunza bustani wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote kwenye tangazo.

Bei ya kutangaza na bei ya kununua

Mwaka 2016 kampuni ya Italia iitwayo Campari iliinunua kampuni ya Grand Marnier, na nyumba ikaja pamoja na chupa. Campari ni watu wa vinywaji, hawakuwa na haja ya vyumba 14 vya kulala. Mwaka 2017 wakaitangaza kuuzwa. Bei waliyoitaja: euro milioni 350.

Mama yeyote anayeuza mbaazi au vitenge sokoni anajua kwamba bei ya kwanza si bei ya kuchukulia. Miaka miwili ikapita. Mwaka 2019 nyumba ikauzwa kwa tajiri wa Ukraine kwa euro milioni 200. Euro milioni 150 zilianguka njiani, lakini hata hizo 200 ni mlima.

Tuzipime kwa kipimo chetu. Tuseme AVEC yenye wamama 25, kila mmoja anaweka dola 5 kila wiki bila kukosa. Kwa mwaka mzima wataweka dola 6,500. Hata tukihesabu dola moja kuwa sawa na euro moja, kikundi hicho kingehitaji zaidi ya miaka 30,000 kuinunua Les Cèdres. Likelemba ya namna hiyo ingeanza kabla hata mtu hajapanda mhogo wa kwanza duniani.

Karibu na hapo, Villefranche-sur-Mer, kuna jumba jingine lenye jina linalosema lenyewe: La Leopolda. Kiwanja kilikuwa cha mfalme yule yule. Jumba linaloonekana leo lilijengwa baadaye, kati ya 1929 na 1931, na Mmarekani Ogden Codman. Mwaka 2008 tajiri mmoja wa Urusi alikubali kulinunua kwa mamia ya milioni za euro, akatoa avansi ya karibu euro milioni 39. Kisha uchumi wa ulimwengu ukayumba, akataka kurudi nyuma na kurudishiwa avansi yake. Mahakama ya Ufaransa ikasema hapana: sahihi imewekwa, avansi inabaki kwa mwenye nyumba. Tajiri huyo ana mawakili wengi, na bado alipoteza. Sisi je, tunaotoa avansi kwa komisioneri mbele ya geti, bila karatasi, bila shahidi?

Swali la mgeni: nani alilipa?

Sasa turudi mwaka 1904, mwaka ambao mfalme aliinunua Les Cèdres. Pesa zilitoka wapi?

Tangu 1885 mpaka 1908 nchi yetu haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, Léopold II, chini ya jina la Dola Huru ya Kongo. Hakuwahi kukanyaga udongo wake hata siku moja. Mwanzoni alitafuta pembe za ndovu. Kisha, baada ya Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, baiskeli na magari vikataka mpira, na msitu wetu ulikuwa na mpira wa pori tele, unaotoka katika mimea inayotambaa juu ya miti. Faida yake ilijenga mengi Ulaya: tao kubwa la Cinquantenaire mjini Brussels, jumba la makumbusho la Tervuren, na viwanja na nyumba alizonunua kwenye pwani hii ya Ufaransa.

Usione vyaelea, vyaundwa. Tuone basi jinsi vilivyoundwa.

Kila kijiji kilipewa kipimo cha mpira cha kuleta. Mwanaume aliingia msituni siku nyingi, akapanda miti, akakata, akakinga utomvu. Akirudi na kikapu pungufu, alipigwa chicotte, kiboko cha ngozi ya kiboko. Lakini wanaume waliweza kukimbia. Kwa hiyo wenye kampuni na askari wa Force Publique walipata njia nyingine ya kuwafunga bila kamba: walikamata wake zao.

Hili wamama tulijue vizuri, kwa sababu vitabu vingi hulitaja kwa haraka. Wanawake walishikwa mateka na kufungiwa pamoja na watoto wao mpaka waume zao walete mpira. Halikuwa kosa la askari mmoja mlevi. Ulikuwa utaratibu, wenye maagizo yaliyoandikwa. Ndani ya nyumba hizo za mateka chakula kilikuwa kidogo, na wengi walikufa. Kijijini nako mashamba yalibaki bila mtu wa kulima, kwa kuwa mwanaume yuko msituni na mwanamke yuko kifungoni. Njaa ikafuata, na baada ya njaa magonjwa.

Mwaka huo huo wa 1904, mwezi wa tano, upande wa Équateur, mwanaume aitwaye Nsala wa kijiji cha Wala alifika kwenye misheni ya Baringa akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye miaka mitano. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemuua mtoto pamoja na mama yake. Mwanamke mmisionari, Alice Seeley Harris, alimpiga picha Nsala ameketi barazani, akitazama kilichobaki cha mwanae. Picha ile ilizunguka Uingereza na Marekani, na watu waliokuwa wakisema "ni uvumi" wakanyamaza.

Kelele zilipozidi, mfalme alilazimika kutuma tume ya uchunguzi. Mbele yake alikuja chifu Lontulu wa Bolima. Akaweka juu ya meza vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Akavigawa katika mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Hakujua kuandika, lakini hesabu yake ilikuwa timilifu.

Novemba 1908 mfalme aliiachia Ubelgiji Kongo. Alikufa Desemba 1909. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mfalme Philippe wa Ubelgiji aliandika mwaka 2020 kuhusu masikitiko yake makubwa, na mwaka 2022 akayarudia mjini Kinshasa, mbele ya Wakongomani. Maneno yamesemwa. Nyumba ilikuwa imeshauzwa.

Tusimnyooshee kidole mzungu peke yake

Kwenye pwani ile ile, upande wa pili wa Monaco, kuna Roquebrune-Cap-Martin. Huko ndiko rais Mobutu alikokuwa na jumba lake. Fikirieni: wakuu wawili wa nchi yetu, mmoja mweupe, mmoja mweusi, kila mmoja kwa wakati wake, walichagua pwani moja ya kutumia mali ya Kongo. Kutoka geti la mmoja mpaka geti la mwingine ni safari fupi ya gari.

Hapa nyumbani Mobutu alijenga Gbadolite: majumba ya marumaru katikati ya msitu, na uwanja wa ndege ambao hata Concorde iliweza kutua. Mwaka 1997 alikimbia, akafia Morocco mwezi wa tisa mwaka huo huo. Majumba yaliporwa mpaka nyaya na mbao. Leo majani yanaota mahali wageni walipokunywa shampeni. Les Cèdres bado imesimama kwa sababu kila mwenye nyumba aliitunza kama yake. Gbadolite imeanguka kwa sababu watu waliokuwa wakiizunguka hawakuiona kamwe kuwa yao.

Tunabeba nini kwenda nyumbani?

Je, tuchukie nyumba nzuri? Hapana. Mwerezi hauna kosa, wala yungiyungi halikumpiga mtu. Tunaweza kupenda milango ile mirefu na bado tukakumbuka Boali. Moyo wa mama una nafasi ya yote mawili.

Tubebe mwanga. Anayejenga, hata chumba kimoja cha mbao na manjanja, aangalie jua linatokea wapi kabla ya fundi kukata dirisha. Dirisha lililoelekea vizuri ni bei ile ile na lililoelekea vibaya.

Tubebe mti. Si lazima hekta 14. Parapandeni avoka, maembe au maua kwenye kiwanja chenu. Nyumba yenye kivuli ni nyumba ambayo watoto hawaikimbii mchana.

Tubebe karatasi. Wamiliki wengi wa Les Cèdres wanajulikana kwa mwaka na kwa jina, kwa sababu mauzo yaliandikwa. Kwetu, mama anaweza kujenga na mume miaka 20, kisha siku ya msiba akaambiwa na shemeji kwamba hana kitu. Waulizeni waume zenu kwa upole, siku ya furaha na si siku ya ugomvi: certificat d'enregistrement ya kiwanja chetu iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Sheria ya familia iliporekebishwa mwaka 2016, iliondoa sharti la mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya mume ili aweke sahihi yake kwenye mkataba; sasa mume na mke wote wawili wanatakiwa kukubaliana kuhusu mikataba inayowafunga. Sahihi yetu ina nguvu. Tuitumie.

Na tubebe swali. Watoto wetu wanatazama majumba kwenye simu kila siku, na wanajifunza kwamba aliye na nyumba kubwa ndiye mtu mkubwa. Tusiwagombeze. Tukae nao, tutazame pamoja, tusifu kilicho kizuri, kisha tuwaulize: unadhani nani alilipa? Mtoto aliyezoea swali hilo hatadanganyika kirahisi na geti la chuma, hata geti hilo likiwa la kiongozi wake mwenyewe.

Kwa mazungumzo ya vikundi wiki hii

1. Katika nyumba yako, ni kitu gani kizuri ambacho hakikugharimu pesa nyingi?
2. Je, mabibi na mababu zenu waliwahi kusimulia habari za kazi ya kulazimishwa, ya mpira, ya barabara au ya migodi? Waandikieni watoto mambo hayo kabla hayajasahaulika.
3. Wangapi kati yetu tumeiona kwa macho karatasi ya kiwanja tunachokaa? Aliyeiona amweleze mwenzake ilivyo.
4. Leo madini yanatoka mikoani kwetu kwenda mbali. Yanajenga nyumba za nani?

Chifu Lontulu alihesabu kwa vijiti kwa sababu hakutaka mtu wake hata mmoja apotee katika hesabu. Siku mtakapoona tena picha ya jumba la mamilioni, itazameni, msifuni fundi, kisha vihesabuni na vijiti.